Nyama ya Hukumu

Adolphine alipata habari ya ndoa yake akiwa kwenye foleni ya dawa. Hakuletewa na bwana harusi, wala na wazee wa ukoo. Aliletewa na Anastasie, mgawa dawa wa dispanseri ya Mfuko wa Wafanyakazi wa Pamba hapo mjini Baraka, kupitia dirisha dogo la waya, mbele ya watu wote.

"Mama Tania, jina yako imekatwa. Banasema uko na bwana."

"Bwana gani?"

Anastasie aliinamia daftari lake, kisha akasema kwa sauti ya chini ambayo hata hivyo foleni nzima iliisikia. "Nicolas. Ule wa Swima."

Watu wakacheka. Nicolas wa Swima alikuwa mdogo wa marehemu Alphonse, mume wa Adolphine. Alikuwa mvuvi mpole, baba wa watoto wengi, na mkewe Marthe alikuwa na mdomo uliojulikana pwani nzima. Mwanamume yeyote angeweza kuoa mke wa pili mwaka ule wa vita, lakini si mume wa Marthe.

"Nicolas ni shemeki yangu! Iko na muke yake!"

"Mi nagawa tu, mama. Muone Shefu."

Dawa yenyewe ilikuwa gardenali, vidonge vyeupe vya kifafa. Tania, binti wa Adolphine, alikuwa na miaka kumi na sita. Akivimeza alikuwa msichana kama wengine: aliimba kwaya, aliuza mihogo, alinuniana na mama yake. Asipovimeza alianguka, na kuanguka kwake hakukuchagua mahali. Alianguka njiani, alianguka majini, na Adolphine aliogopa zaidi kuliko yote jiko. Sokoni kulikuwa na vidonge vya rangi ileile vilivyotengenezwa kwa kitu kinachofanana na chaki. Vya kweli vilikuwa kabatini mwa Mfuko tu.

Mfuko nao ulikuwa na maajabu yake. Kiwanda cha pamba kilikufa kabla ya vita, mashine zikauzwa vipande vipande kama chuma chakavu, na hapakubaki hata uzi wa kufungia kiroba. Lakini wafadhili wa mbali hawakuambiwa, au waliambiwa wakasahau, na kila walipopata njia waliendelea kuleta dawa kwa ajili ya wafanyakazi, wajane na yatima wa kiwanda kisichokuwepo. Kanuni ilikuwa moja tu iliyowahusu wajane: mjane akiolewa, yeye na watoto wake ni mzigo wa mume mpya.

Shefu Déogratias, mkuu wa ofisi ya Mfuko, alimpokea kwa heshima kubwa, yaani alimwacha asimame. Alikuwa mtu nadhifu, shati limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni. Mshahara wake ulikuwa haujafika tangu vita vianze, na hakuna aliyejua serikali gani kati ya zilizokuwepo ndiyo iliyokuwa na deni hilo. Déogratias hakuomba rushwa hata siku moja, na alipenda kusema hivyo. Ila watu walikuwa na adabu: aliyeshindwa kupata alichotaka aliacha kitu kidogo juu ya meza, kuku au ndagala, dagaa wa ziwani, ili siku nyingine mlango usiwe mzito.

"Mama, we ni Mubembe, mi ni Mubembe wa Lubondja. Tusidanganyane. Siku ya kutosha kilio ya Alphonse, kumaliza matanga, Nicolas alikula ku chungu yako?"

"Alikula. Ni desturi. Ndugu ya marehemu anakula, bantu banajua kilio imeisha."

"Njo ile. Ndugu akikula chakula ya mujane, amemuchukua."

"Alikula, akanawa mikono, akarudia Swima siku ile ile! Hata kulala hakulala!"

"Kulala si kazi ya biro yetu, mama. Biro yetu inaangalia kula."

"Na Tania? Ni mutoto ya Alphonse. Ataanguka."

"Baba yake mupya atamununulia dawa."

Tangu Alphonse afe Adolphine alikuwa amevumilia mengi, lakini hakuwa amewahi kuambiwa na mtu mwenye kalamu mbili kwamba alimlaghai mume wake kaburini kwa sahani ya ugali. Alitaka kulia, akakataa kulia mbele ya shati lile.

"Kama hauridhike," Déogratias alisema, akimfungulia mlango, "sheria inakuruhusu. Kata rufaa. Tribunali iko Fizi."

Alilisema hilo kwa upole kabisa, maana alijua ni sawa na kumwambia apande mwezini. Fizi ilikuwa juu ya mlima, mwendo wa siku moja kwa miguu, lakini vita vilikuwa vimeihamisha. Pwani ilishikwa na askari wa upande mmoja, mlima na vijana wa upande mwingine. Kila upande uliuita mwenzake adui wa taifa, na taifa lenyewe lilikuwa moja.

Marthe alikuwa akianika ndagala mchangani Swima Adolphine alipomfikia. Alisikiliza habari yote bila kuinua kichwa. Kisha akamgeukia mumewe, aliyekuwa akishona wavu kando ya nyumba.

"We Nicolas! Mi niko na mbanda, na hauniambie?"

Mbanda ni mke mwenza, na neno hilo lilimfanya Nicolas ajichome sindano. "Mi nilikula tu ugali," alisema.

"Nyamaza, bwana harusi." Akamrudia Adolphine, na kwa muda Adolphine aliogopa kwamba atapigwa. "Na we. Ulitia nini mu ile ugali?"

"Sombe na samaki. Marthe, ulikuwako. Ulikula na we."

"Kumbe na mimi nimekuoa!" Marthe alicheka hadi akakaa chini, halafu kicheko kikamwisha ghafla. "Ule Déogratias hanijue. Amenitilia mwanamuke mu nyumba bila mahari, bila hata kuniomba maji ya kunywa. Tunapanda Fizi."

Nicolas asingeweza kwenda. Mwanamume wa pwani aliyepanda mlimani aliitwa mpelelezi, na aliyeshuka aliitwa mpiganaji. Wanawake waliitwa tu wajinga, na wajinga walipita. Kwa hiyo Nicolas alibaki na watoto wake na Tania, na Marthe akatoa zizini mbuzi wake dume mwekundu, kwa sababu watu waliotoka juu walisema tribunali ya Fizi siku hizi haifungui shauri bila mbuzi.

"Tania asikaribie moto," Adolphine alimwambia Nicolas mara ya mwisho, na mara ya mwisho tena.

Kizuizi cha chini kilikuwa cha askari wa pwani. Waliwauliza barua ya safari, wakawacheka kwa maswali ya utovu wa adabu, wakamwamuru Adolphine awachotee maji mtoni, akachota. Hayo yote aliyatarajia. Kisha mmoja akaishika kamba ya mbuzi.

"Hii inabakia."

"Bakia nayo," Marthe alisema. "Ni mbuzi ya kesi. Ukikula, kesi ni yako."

Askari alicheka, lakini mwenzake, kijana wa Lubondja, alimshika mkono. "Achana na ile kitu, ndugu. Mi najua." Kamba ikaachwa. Kwenye kizuizi cha juu vijana wa mlima waliwauliza barua ileile ya safari, wakaiona haipo vilevile, wakawatuma maji vilevile. Kuhusu mbuzi waliuliza, wakajibiwa, wakatazama pembeni.

Tribunali haikuwa na bati. Bati liliondoka na jeshi lililokimbia, pamoja na milango, viti na mihuri. Hakimu Raphaël alikaa chini ya shitingi, turubai la msaada, amevaa joho jeusi lililopauka na kandambili. Alikuwa karani zamani. Wakubwa wote walipokimbia, yeye alikuwa na mguu mbaya, akabaki, na kwa kubaki akawa hakimu.

Alisikiliza vizuri kuliko walivyotegemea. Aliuliza kama Nicolas alilala kwa mjane. Hapana. Kama alimletea kuni au kumtengenezea paa. Hapana. Nani alimpikia Nicolas jana yake na kesho yake?

"Mimi!" Marthe alipaza sauti. "Miaka yote ni mimi! Hata nikiwa mugonjwa ni mimi!"

Raphaël akaandika, akasimama, akasoma kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili ili waelewe kwamba wameshinda. Kwa jina la watu wa Kongo: chakula peke yake hakifungi ndoa. Aliyekula kwa mjane siku ya kumaliza matanga amekula tu. Adolphine ni mjane wa Alphonse. Mfuko umrudishe yeye na binti yake mara moja, na amri hii inaubana Mfuko na wote waufanyiao kazi.

Adolphine aliishika karatasi kwa mikono miwili, akatafuta muhuri asiuone. "Na kashe, Baba Juge?"

"Kashe ilikimbia." Raphaël alikaa. "Jugement bila kashe ni barua ya salamu, mi najua. Njo maana tulirudia desturi. Mu lubunga, kule bazee balikuwa banakatia mashauri, hakukuwa kashe. Kesi ikiisha mbuzi inachinjwa, pande mbili zinakula. Ule amekula amekubali, harudie tena nyuma. Huyu Shefu hayuko hapa. Basi tutamukaushia mguu moja, mutamupelekea. Mumuambie inatoka wapi. Hataki? Airudishe na sababu zake, tutasikiliza kesi tena. Akikula, imekwisha."

Mbuzi akachinjwa. Hakimu alikula sehemu yake, karani sehemu yake, na walinzi, ambao hawakuwa upande wowote, walikula sana. Adolphine akamnong'oneza Marthe.

"Sasa amesema kula haifunge mutu, na pale pale anafunga kesi na kula?"

"Nyamaza, tumeshinda."

Waliporudi Swima walimkuta Nicolas amekaa nje, kichwa mikononi, na Tania amelala ndani. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa majani ya mgomba. Nicolas alikuwa ameuzima moto, alisema, aliuzima kweli, akaenda ziwani kuvuta wavu. Watoto waliwasha tena wakachoma mihogo. Tania alianguka mkono ukiwa ndani ya makaa, na watoto kwa hofu walikimbilia kumwita baba badala ya kumvuta.

Adolphine hakumlaumu. Alikaa karibu na binti yake akamtazama vidole, ambavyo viwili vilikuwa tayari vimeanza kushikana. Alikuwa na amri ya mahakama kwenye kitenge chake. Heri angekuwa na kidonge kimoja badala yake.

Déogratias aliisoma amri pande zote mbili, ule wa nyuma ukiwa mtupu.

"Mama, hii karatasi ni nzuri. Ila iko na nguvu kule Fizi. Fizi iko ku maadui. Nikiitii, banasema nimekuwa mutu ya mulima, na mi niko na batoto. Tena kashe iko wapi?"

"We njo ulinituma Fizi," Adolphine alisema.

"Nilikutuma ukate rufaa. Sikusema ushinde."

Adolphine akamsogeza Tania mbele na kufunua mkono. Harufu ya jeraha ilienea ofisini. Déogratias alitazama dari, akaitazama kwa makini, kama mtu anayehesabu mbao zake. Hakuwa mtu mbaya kuliko wengine. Alikuwa na njaa na woga, na vyote viwili vilimfundisha kutazama dari.

"Pole sana, mutoto," aliiambia dari.

Marthe akaweka mezani furushi la majani ya mgomba. "Shefu, hii ni mguu ya mbuzi. Inatoka ku tribunali ya Fizi. Juge amesema..."

"Weka pale, mama, aksanti."

"Mi nakuambia inatoka ku tribunali, juu ukikula..."

"Nimesikia, mama! Weka pale. Niko na kazi."

Na kweli alisikia. Ila kwa miaka ile yote hakuna kitu kilichowahi kufika juu ya meza yake bila hadithi. Kuku alitoka kwa bibi mgonjwa, ndagala walitoka kwa mjomba aliyesalimu sana, mayai yalikuwa ya shukrani tu. Alijifunza kupokea kitu na kuiacha hadithi iende zake. Jioni mkewe aliutia mguu ule ndani ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, na Déogratias, aliyekuwa hajaonja nyama tangu Pasaka, alikula hadi akaugonga mfupa kwenye sahani kutoa uboho.

Siku ya kugawa dawa ilipofika tena, Marthe alijipanga kwenye foleni nyuma ya Adolphine, ingawa hakuwa na haki ya hata aspirini. Déogratias alipita akienda ofisini.

"Shefu! Ile nyama ulikula?"

"Nilikula, mama, aksanti sana," alijibu kwa furaha. "Ilikuwa tamu. Muke yangu aliitia mu sombe."

Foleni iligeuka kumtazama. Wengi pale walikuwa wameshasikia habari ya safari ya Fizi, kwa kuwa Marthe hakuwa mtu wa kuficha mambo. Mzee mmoja aliyekuwa mpima pamba enzi za kiwanda alivua kofia.

"Shefu, ile ilikuwa mbuzi ya kesi."

Déogratias alisimama. "Kesi gani? Nani alisema?"

"Mi nilisema," Marthe alijibu. "Mara mbili. Inatoka ku tribunali. Ulisema umesikia."

"Mi nilifikiri..." Akakoma. Alichofikiria hakikuweza kusemwa mbele ya foleni, hasa na mtu ambaye hajawahi kuomba rushwa. Alitazama huku na huku, akaona nyuso zote zinamngoja, na hasira ikamsaidia pale akili ilipokwama. Akapanda kwenye ngazi ya dispanseri.

"Sikilizeni! Hizi ni bintu ya zamani! Tuko mu Etat, mu serikali, hatuko mu lubunga! Mutu anakula juu ya njaa! Kula haiwezi kufunga mutu, hata kidogo, hata siku moja!"

Kuku alipita. Kisha Anastasie, ambaye kwa miaka yote hakuwa amesema neno lisilohusu vidonge, aliuliza kutoka nyuma ya waya, kwa heshima kamili ya mfanyakazi anayetaka maelekezo.

"Basi mi naandika nini, Shefu? Kama kula haifunge mutu, Mama Tania hana bwana."

Déogratias alishuka kwenye ngazi.

"Na kama inafunga..." Anastasie aliendelea, akaona afadhali asiendelee.

Shefu aliingia ofisini na kufunga mlango. Siku ile hakuandika kitu. Lakini Lubondja si mbali, na kabla ya siku ya soko kupita mama yake mzazi alikuwa amepata habari na kumtumia ujumbe kupitia wauza mihogo, yaani kupitia Baraka nzima: asikanyage kwake kwanza. Hawezi kumpikia mtoto anayekula shauri na kulikataa, maana balaa la namna hiyo halibaki kwa mtu mmoja. Mkewe naye, aliyegawana sombe ile, akaanza kulala na watoto.

Ndipo Déogratias akalirudisha jina la Adolphine kwa mkono wake, kwa kalamu ya kwanza, na ilipokataa kuandika, kwa ya pili. Tania akapata vidonge. Baraka ilifurahi mno. Kwa muda mrefu watu waliokataliwa hiki au kile walimwachia Shefu vipande vya nyama vilivyonona, na yeye aliyekuwa akipokea kila kitu bila kusikiliza alianza kuuliza kila kuku anatoka wapi, mama yake ni nani, na amepita kwa nani. Alikonda.

Baada ya mvua askari wa pwani waliichukua Fizi. Hakimu Raphaël alikimbilia Lulimba na mguu wake mbaya. Halafu ikaja barua kutoka kwa wakubwa wapya, nayo ilikuwa na muhuri mkubwa, wa rangi ya zambarau, wa kutosha barua tatu: hukumu zote zilizotolewa Fizi chini ya adui zimefutwa, na zihesabiwe kama hazikuwahi kuwepo.

Déogratias alivaa siku hiyo shati lake bora. Alisimama kwenye ngazi ileile akaisoma foleni ikiwepo, polepole, na alipofika neno kufutwa alilisoma kwa sauti ya mtu anayetua mzigo.

"Mama Tania, si mimi. Ni bakubwa. Amri yako imekufa."

Tania alikuwa kando yake, mkono wa kulia ndani ya kitenge kama ilivyokuwa desturi yake sasa. Marthe hakuwepo, alikuwa Swima na ndagala zake, na kwa mara ya kwanza katika shauri lile lote hapakuwa na mdomo mwingine wa kusema kwa niaba yake.

"Imekufa kabisa?"

"Kama haikuwako, mama. Hata siku moja."

"Basi mbuzi ya Marthe irudie."

Watu wakaanza kucheka. Déogratias naye alitabasamu, maana hilo aliliona dogo. "Nitamulipa mbuzi. Nampa ingine, mukubwa kuliko ile."

"Ingine ni ya kesi ingine," mzee mpima pamba alisema. "Desturi ni ile ile, dume, mwekundu. Kama haikukuliwa, iko wapi?"

Kicheko kikawa kikubwa. Mtu mmoja alishauri mbuzi atafutwe tumboni mwa Shefu. Lakini Adolphine hakuwa akicheka, na hakuwa akifanya mzaha. Alikuwa na hasira ambayo hakujua kwamba anayo, ya siku zile zote za kuchota maji ya askari na kutazamiwa dari.

"Na huu mukono," alisema.

Akauvuta mkono wa Tania nje ya kitenge akauinua. Vidole viwili vilikuwa vimeshikana kuwa kimoja, na ngozi ya kiganja ilikuwa imejikunja ikang'aa. Tania alijaribu kuurudisha, mama akaushikilia.

"Hakukuwa amri, hakukuwa safari, hakukuwa kitu. Sawa, Shefu. Na huu mukono urudie vile ulikuwa. Leo. Uniambie tu ni bakubwa gani banaweza kuufuta, nitapanda, hata kama ni mbali."

Safari hii Déogratias hakupata dari, alikuwa amesimama nje. Aliutazama mkono ule kwa muda mrefu, kisha akaikunja barua yenye muhuri wa zambarau ndogo, ndogo zaidi, mpaka haikukunjika tena.

"Anastasie," alisema bila kugeuka, "umupe mutoto dawa yake."

"Naandika nini, Shefu?"

"Andika zimeharibika na maji ya mvua."

Hivyo ndivyo ilivyoandikwa tangu siku ile. Wakubwa walijibiwa kwamba amri yao imetekelezwa yote, na walikuwa na haki ya kuamini, kwa kuwa kwenye karatasi za Mfuko Adolphine alikatwa tena na kuwa mke wa pili wa Nicolas wa Swima, na mvua iliharibu vidonge vya gardenali hata miezi ya kiangazi. Marthe alipoelezwa alitukana karatasi, serikali zote kwa zamu, na kalamu mbili za Déogratias. Kisha akajaza kikapu ndagala, akakituma Baraka kwa jina la mbanda wake.

Kikapu kilifika jioni. Adolphine alikuwa akiosha ndagala zile nje aliposikia sufuria ndani ikigongwa, akachungulia. Tania alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko, ameshika mwiko kwa mkono wa kushoto, anasonga ugali vibaya, unga ukimrukia usoni. Adolphine aliinuka nusu. Kisha akajirudisha chini, akageuza mgongo, akaendelea kuosha ndagala ambazo zilikuwa zimekwisha kutakata.